Kijiko cha Kwanza Kina Wakati Wake

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukizisikia juu juu utadhani zinagombana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yajibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Kijana huchukua ile inayompendeza siku hiyo, akaiacha nyingine. Mtu mzima huzishika zote mbili, kwa kuwa anajua wahenga walitaka tulitazame jambo lenyewe kwanza, kisha tuamue kama saa hii ni ya kusubiri au ya kuinuka. Nami sijaona jambo la nyumbani linalozidai methali hizi zote mbili kama uamuzi wa lini mtoto anyonyaye aanze kula.

Tuanze na haraka, maana ndiyo inayotangulia kubisha hodi. Mtoto ana miezi mitatu na ushei. Usiku analia, mama anampa titi, ananyonya kidogo, anaachia, analia tena. Asubuhi bibi yake anamtazama, anamgusa tumbo, anatikisa kichwa. "Mwanangu, huyu ana njaa. Maziwa yako mepesi. Mkorogee kijiuji alale." Jirani aliyekuja kuazima chumvi anaunga mkono: wake alianza uji akiwa na miezi mitatu, na leo ndiye yule anayecheza mpira pale nje. Mama mwenye uzazi wa kwanza, macho mekundu kwa kukosa usingizi, atasema nini? Sufuria ndogo inawekwa jikoni, unga unachekechwa, uji unakorogwa mwepesi na kutiwa sukari, tundu la chuchu ya chupa linapanuliwa kwa sindano ili uji upite. Mtoto anakunywa, analala. Nyumba nzima inapumua, na kila mmoja anaamini dawa imepatikana.

Bibi huyu hana ubaya wowote. Anampenda mjukuu wake, na ushauri wake una asili. Miaka aliyokuwa akilea yeye, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishauri vyakula vianze kati ya mwezi wa nne na wa sita, na huko kliniki ndiko alikoambiwa hivyo. Ni Mei 2001 ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipopitisha azimio kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo binti anayesikia ushauri mmoja kliniki na mwingine barazani asimwone mama yake kuwa mjinga. Mama alitii elimu ya wakati wake. Heshima yake ibaki palepale, na elimu mpya ifuatwe.

Kilio cha mtoto wa miezi mitatu kina sababu nyingi. Pengine ni gesi, pengine joto, pengine usingizi, pengine anataka tu kupakatwa. Na kweli ziko siku anakua kwa kasi na kutaka kunyonya kila mara. Siku hizo titi halijaishiwa, linaombwa liongeze. Mwili wa mama hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyonyonywa: mtoto akinyonya zaidi yanaongezeka, akinyonya kidogo yanapungua. Sasa angalia kazi ya ule uji. Mtoto akishashiba unga na maji, atanyonya mara chache. Akinyonya mara chache, maziwa yatapungua. Baada ya wiki mbili tatu yale maneno ya "maziwa hayatoshi", ambayo siku ya kwanza yalikuwa dhana tu, yatakuwa kweli. Uji ulioletwa kutibu upungufu ndio utakaokuwa umeuleta.

Anayetaka kujua kama maziwa yanatosha asipime kwa kilio. Atazame nepi: mtoto anayelowesha nepi mara sita au zaidi kwa siku, tena kwa mkojo mweupe, anapata maziwa ya kutosha. Atazame kadi ya kliniki: uzito ukipanda na kufuata mstari wake mwezi hadi mwezi, mtoto anashiba, hata akilia vipi usiku. Uzito ukikwama au kushuka, hapo pana neno, na pa kulipeleka ni kwa muuguzi. Mara nyingi tatizo litakutwa kwenye namna mtoto anavyoshika titi, jambo linalorekebishika palepale kwenye kiti.

Wapo pia wanaosema joto la kwetu halimwachi mtoto bila maji. Joto la Dar es Salaam tunalijua, la Mombasa na Lamu tunalijua. Lakini maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, yameshachujwa na hayajapita kwenye ndoo wala kata ya mtu. Mtoto mwenye kiu anyonyeshwe. Maji, uji, juisi na vinywaji vya kutuliza tumbo vinavyouzwa madukani huingia pamoja na wadudu wa kikombe, wa kijiko na wa mikono yetu, na tumbo la mtoto mchanga halijawa na nguvu ya kupambana nao. Kuhara kwa siku mbili kunaweza kumnyang'anya mtoto uzito wa mwezi mzima.

Iko familia ambayo haraka hii inaiponza zaidi, nayo ni ile ambayo mama anaishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka 1999 Anna Coutsoudis na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Durban, Afrika Kusini. Watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine mapema waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama peke yake. Vyakula vya mapema vinaweza kuchubua utumbo laini wa mtoto na kufungua mlango ambao maziwa peke yake hayakuufungua. Leo mama anayetumia dawa zake vizuri ananyonyesha kama wenzake: miezi sita maziwa pekee, kisha chakula na titi pamoja kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwake yeye, kijiko cha uji cha kumnyamazisha mtoto wa miezi mitatu ni hatari kweli.

Hiyo ndiyo saa ya haraka haraka haina baraka. Lakini methali hiyo ina mpaka wake, na wengi hawauoni wanapouvuka.

Mama aliyesikia vizuri somo la maziwa pekee anaweza kulishikilia kupita wakati wake. Mtoto ana miezi minane, mashavu yamejaa, na mama anajisifia kwa haki kwamba hajampa kitu kingine. Mashavu hayo hayasemi yote. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoichota kwa mama yake tumboni. Akiba hiyo hupungua siku hadi siku, na inapofika miezi sita hivi haitoshi tena, nayo maziwa ya mama, kwa uzuri wake wote, yana chuma kidogo sana. Chuma ndicho kinachotengeneza damu, na ubongo unaokua unakitegemea. Mtoto anaweza kunenepa huku damu yake ikipungua, na upungufu huo hauonekani kwenye picha anazotumiwa shangazi.

Hata nguvu ya mwili haitoshi tena kwa titi peke yake. Kati ya miezi sita na minane mtoto anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Kati ya miezi tisa na kumi na moja anahitaji 300, na akishafika mwaka, 550 hivi. Asipozipata, urefu wake unaanza kudumaa polepole. Hiyo ndiyo saa ya ngoja ngoja huumiza matumbo.

Udumavu una jambo moja ambalo lazima litutie huzuni. Tanzania, kwa takwimu za utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, ambako ni zaidi ya nusu ya watoto, kisha Njombe na Rukwa, ambako ni karibu nusu. Kila Mtanzania anajua mikoa hiyo ni ghala la mahindi la nchi. Malori yanatoka huko yamejaa magunia, na nyuma yake wanabaki watoto wafupi kuliko umri wao. Kumbe chakula kingi shambani hakimfikii mtoto chenyewe. Mama anatoka alfajiri kwenda kulima, mtoto anaachwa na dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji mweupe, na huo ndio mlo mpaka jioni. Mahindi yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kulisha, mara za kulisha, na kitu cha kutia ndani ya uji.

Basi lini? Miezi sita ikitimia. Na hapa hesabu iwe sahihi, maana hata watu makini hupotea. "Ameingia mwezi wa sita" ni mtoto wa miezi mitano na siku kadhaa. Aliyezaliwa tarehe 10 Januari anatimiza miezi sita tarehe 10 Julai. Tarehe iandikwe kwenye kadi mapema ili mtu asibishane na kumbukumbu. Akitimiza miezi hiyo sita, kliniki inampa mtoto matone ya vitamini A, kwa hiyo safari ni moja na maswali yaulizwe hukohuko. Aliyezaliwa kabla ya siku zake, au mwenye tatizo la moyo au la kumeza, asihesabiwe kwa kadi ya mwenzake. Mhudumu wa afya aamue pamoja na wazazi.

Pamoja na tarehe, mtoto mwenyewe anasema. Mpakate mkekani wakati wa chakula cha jioni umwangalie. Shingo imekaza, anakaa kwa kuegemezwa kidogo tu. Mkono wa baba ukitoka kwenye sinia kwenda mdomoni, macho yake yanaufuata, kinywa chake kinafunguka pamoja na cha baba. Ukimgusisha kijiko kwenye mdomo, ulimi hausukumi tena nje kama ulivyofanya miezi miwili nyuma. Hizo ni dalili za kuaminika zikija pamoja. Macho peke yake hayatoshi, kwani mtoto wa miezi minne hufuata hata funguo na simu kwa hamu ileile. Meno nayo si kipimo: mmoja huota akiwa na miezi minne, mwingine hufika mwaka bado fizi tupu, na wote wawili wanahitaji chakula wakati mmoja. Mkulima hapandi kwa wingu la kwanza la Februari, na mvua ikishatulia halali kitandani akisubiri iwe nyingi zaidi.

Sasa tuseme cha kuweka kwenye kijiko, maana wakati sahihi na chakula kibovu ni hasara ileile. Tumbo la mtoto wa kilo 7 huchukua takriban mililita 200 tu, chini ya kikombe cha chai. Ukilijaza uji mwepesi, umelijaza maji. Uji wa mtoto ukiinuliwa kwa kijiko na kuinamishwa usitiririke, udondoke polepole. Anza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, titi likiendelea. Akifika miezi tisa awe anakula mara tatu hadi nne, na kitu kidogo katikati: parachichi, papai, ndizi mbivu.

Hapa ndipo wahenga wanapostahili kuulizwa kwa adabu, kwa sababu walijua jambo ambalo maabara ilikuja kulithibitisha baadaye. Bibi zetu waliotesha ulezi, wakaukausha, wakausaga wakapata kimea. Tia kijiko kimoja cha kimea kwenye uji mzito wa moto, koroga, na mbele ya macho yako uji unalegea na kunyweka bila kuongezewa hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke kidogo. Mtoto sasa anapata unga mwingi katika tumbo lilelile dogo. Na togwa waliyoichachusha ilikuwa kinga. Mwaka 1994 Wilbald Lorri wa Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania ulioonyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa walipatwa na kuhara kwa nadra zaidi kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Ujuzi huo ulikuwa wetu. Tumeuacha tukakimbilia makopo.

Uji huo usibaki mweupe. Dagaa walioondolewa mchanga, wakakaangwa kidogo na kusagwa, wanatosha kijiko kimoja kwa bakuli. Yai lililoiva, ini lililopondwa, maharage yaliyoondolewa maganda, mchicha uliokatwa laini, viazi lishe, tone la mafuta: kila siku kitu kimoja au viwili miongoni mwa hivyo, hasa vyenye asili ya nyama au samaki, kwani chuma chake huingia mwilini kwa urahisi. Ziko jamii zilizomkataza mtoto mayai. Mwiko huo uachwe. Ulimnyima mtoto kilicho bora kwenye banda. Karanga zisagwe kabisa, punje nzima inaweza kumpalia. Asali isubiri mpaka mwaka utimie, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya kupooza kwa mtoto mchanga. Chumvi na sukari havihitajiki.

Na tuwe waangalifu na ule unga wa lishe unaochanganya nafaka saba, nane, kumi. Wingi wa aina za nafaka haumwongezei mtoto nyama wala mboga, na nafaka moja iliyovunda inaharibu mfuko mzima. Sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu wa nafaka, haionekani kwa jicho kila mara. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi na karanga za mtoto zichambuliwe punje kwa punje, zikaushwe juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na zisagwe kidogo kidogo.

Jambo la mwisho kuhusu kulisha ni mkono wa anayelisha. Kumziba mtoto pua ili afungue mdomo ni ukatili uliovaa nguo ya malezi, tena uji unaweza kuingia mapafuni. Mtoto asemeshwe, angojwe ameze, na akigeuza uso aachwe. Atakayekataa leo atakubali kesho kutwa.

Lakini nani aamue haya yote? Kwetu mzigo wote humwangukia mama, kisha mtoto akidhoofika lawama pia zinamwangukia yeye. Vitabu vya dini havikuliweka hivyo. Qurani, katika Sura Al-Baqara aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, inamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama, na suala la kumwachisha mtoto inalirudisha kwa wazazi wawili waridhiane na kushauriana. Katika Mwanzo sura ya 21, Ibrahimu anafanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa. Maziwa na chakula cha mtoto ni jambo la nyumba nzima, na baba ana kiti ndani yake.

Kiti hicho kina kazi. Baba anunue dagaa na mayai kabla ya kununua vocha. Asimame mbele ya ndugu zake mtoto anapotakiwa apewe uji akiwa na miezi mitatu, aseme kwa upole, "Mama, tumekubaliana tusubiri mpaka mwezi wa saba uingie." Maneno hayo yakitoka kwa mwana yanapokelewa, yakitoka kwa mkamwana yanaitwa kiburi. Na mama anapolazimika kurudi kazini, baba ajue sheria ya Tanzania inampa mkewe likizo ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ya kazi. Siku 84 hazifiki miezi sita. Pengo hilo linazibwa kwa kukamua maziwa kwenye chombo safi na kumnywesha mtoto kwa kikombe, na linazibwa vizuri zaidi na mwajiri mwenye utu.

Bibi naye asinyang'anywe mjukuu. Aende kliniki pamoja na mama, asikie kwa masikio yake, aulize kwa mdomo wake. Mkubwa hakosolewi mbele za watu. Huketishwa, huelezwa, huombwa. Na ana mengi ya kufanya ndani ya ile miezi sita: ampikie mama mchuzi wa samaki au mtori, ambebe mtoto mama alale saa moja mchana, amtulize kwa mikono iliyokwisha kutuliza wengi. Kisha mwezi wa saba ukiingia, yeye ndiye afundishe kimea. Nani mwingine anakijua?

Ewe msomaji mwenye mtoto anyonyaye nyumbani, fanya jambo moja leo. Chukua kadi yake, hesabu miezi sita kamili tangu alipozaliwa, andika tarehe hiyo kwa kalamu, na muiangalie wote: mama, baba na bibi. Kabla ya tarehe hiyo, mtoto apewe titi, na mama apewe chakula na usingizi. Tarehe ikifika, mezani pawe na kijiko safi, uji mzito na kitu cha maana ndani yake. Msitangulie wala msichelewe. Mtoto hawezi kujihesabia miezi, sisi ndio tumepewa kazi hiyo.